Hesabu ya watu wanaofikiwa na barabara vijijini inazidi idadi ya watu wote

Mpimaramani: Wakuu, nakokotoa kiashiria 9.1.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu (asilimia ya watu wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima) kwa wilaya moja ya Morogoro. Nimechora ukanda wa kilomita 2 kila upande wa barabara kwenye QGIS (programu ya ramani), nikajumlisha watu wa WorldPop (ramani ya makadirio ya watu). Jibu limezidi watu wote wa wilaya! Nakosea wapi?

Kalavati: Kanda zinapishana, mkuu. Kila kipande cha barabara kina ukanda wake, hivyo mkazi wa njia panda anahesabiwa mara mbili au tatu. Ziunganishe ziwe umbo moja ndipo ujumlishe. Ramani iwe kwenye UTM 37S, mfumo wa ramani unaopima kwa mita. Ukiiacha kwenye digrii, hiyo 2 inakuwa takribani kilomita 220. Wakazi wa mijini waondoe pote, kwenye ukanda na kwenye jumla.

Greda: Kubwa zaidi ni barabara ulizochagua. Kiashiria kinataka zinazopitika mwaka mzima. Mbinu ya Benki ya Dunia ya 2016 inatumia IRI, kipimo cha ukwaru wa barabara kwa mita kwa kilomita: lami chini ya 6, changarawe na udongo chini ya 13. Ila kipimo cha Agosti hakikuambii lolote kuhusu masika. Kagua makalavati na vivuko. Penye daraja lililozolewa, kata mstari, vijiji vya ng'ambo vitoke. Na kwenye miteremko ya Uluguru, kilomita 2 za ramani si mwendo wa dakika 25.

Mpimaramani: Kweli, sikuwa nimeunganisha kanda. Narudia, nianze na vivuko.