Hela ya serikali iende kwa mkulima au kwa kiwanda? Mbona majibu yetu yanabadilika badilika

Kijana wa Ngarenaro

Habari zenu wakuu. Naomba tuongee hii kitu bila matusi na bila vyama, maana vyama vikishaingia uzi unakufa.

Kazini kwetu tulibishana sana wakati wa chai. Swali lenyewe rahisi tu, serikali ikiwa na hela ya kusaidia upande mmoja, imsaidie mkulima au ifufue viwanda? Karibu wote wakasema mkulima, tena kwa nguvu, uti wa mgongo sijui nini na nini. Nikawauliza la pili, je uko tayari unga upande kidogo ili huyo mkulima unayempenda apate bei nzuri? Kimya. Mmoja akasema aah hiyo serikali ijazie yenyewe. Sasa inajazia kwa hela ya nani, si hiyo hiyo tunayokatwa kwenye mshahara na mafuta na miamala?

Na mi mwenyewe siko salama. Nyumbani Karatu wanalima, nikienda likizo naomba mahindi yapande, nikirudi Arusha naomba yashuke.

Bajeti ya wizara ya kilimo 2021/22 ilikuwa kama bilioni 294, kufika 2024/25 ikawa imepita trilioni 1.2, yani zaidi ya mara nne ndani ya miaka mitatu. Mtaani sijasikia mtu akilalamika. Ila ukisema serikali iweke bilioni kadhaa General Tyre, kile kiwanda cha matairi hapa Arusha, kifufuke, kila mtu anakwambia hizo hela zitaliwa. Kwa nini mkulima tunamuamini na kiwanda hatukiamini? Karibuni.

Babu Jero

Umeuliza mwezi gani? Mwezi wa pili sote walaji, mwezi wa nane sote wakulima 😂

Mama Wawili Kibosho

Mdogo wangu umeuliza vizuri ila nani kakwambia mkulima anaaminiwa? Mkulima anaonewa huruma, ni vitu viwili tofauti. Mtu anayeaminiwa unampa hela yake mkononi apange mwenyewe.

Mimi nina kihamba kidogo cha kahawa na migomba, nilikirithi kwa baba. Ile ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 kiukweli ilisaidia, mfuko ulikuwa umefika laki na kitu baada ya ile vita ya Ukraine, ukashuka mpaka elfu sabini. Sibishi hilo. Lakini njoo uone unavyoipata. Ujiandikishe kijijini, upewe namba, ushuke mjini kwa wakala na namba yako, upange foleni, yeye ana kimashine cha alama za vidole. Sasa sisi tunaoshika jembe na kuchuma kahawa vidole vimekwisha, unaweka kidole mashine inakataa, unafuta na kanga, unaweka cha pili inakataa, na nyuma yako wamama wengine wanasonya. Ukifanikiwa unaambiwa DAP imeisha kuna ya kukuzia tu, na wewe unataka ya kupandia. Mwisho unanunua duka la jirani bei ya kawaida maana mvua haikusubiri.

Halafu tunasahau historia. Wazee wetu walikuwa na chama chao cha ushirika KNCU toka 1933, wakauza kahawa yao wenyewe, wakasomesha watoto. 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika kwa kalamu tu, ikaja kuvirudisha miaka ya themanini vikiwa havina nguvu tena. Mnada upo hapa hapa Moshi, kahawa iko juu ya mlima, na bado mtu analipwa malipo ya awali leo, ya pili anasubiri mpaka anasahau. Ndo maana watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya na ndizi. Mwanzoni mwa 2025 arabika ikapanda kule New York mpaka kuvunja rekodi, na wengi huku hawakuwa na cha kuuza.

Kwa hiyo mimi ukiniuliza msaada gani, nitasema nilipwe kwa wakati. Hiyo haihitaji hata trilioni.

Tandiboi Mstaafu

Naunga mkono dada hapo juu na naongezea la mpaka. Mimi nanunua mahindi Babati na Kiteto napeleka Namanga, mpakani na Kenya. Serikali hii hii inayosema inamsaidia mkulima, 2017 ilizuia mahindi yasitoke, ikasema uzeni unga. Unga gani, mkulima wa Kiteto ana mashine? 2023 tena vikaja vibali, magari yakajipanga Namanga siku na siku na turubai juu, mvua ikinyesha unasikia harufu ya mahindi yanayoanza kuchemka ndani na wewe umekaa kwenye kreti ya soda unasubiri simu. Mkenya naye siyo malaika, 2021 walifunga kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi, wakafungua baada ya siku chache.

Ukifunga mpaka bei inashuka shambani, watu wa mjini wanashangilia, wanasema serikali sikivu. Hiyo ni kodi bana, anakatwa mkulima ili wewe ule ugali rahisi, ila kwa sababu haina risiti hakuna anayeihesabu. Afu hela ile ile inarudishwa kidogo kwa jina la ruzuku na mnapiga makofi mara ya pili.

Na haya mambo yanamlisha nani? Watu wa Rombo walikuwa wanavusha na bodaboda usiku njia za panya, gunia mbili mbili. Mkulima alikuwa anauza bei ya hasara, wa bodaboda ndo anajenga.

Dada wa Sakina

Mh jamani mnatusema sana sisi walaji kama vile tunakula bure. Nina kibanda cha chakula, nanunua unga, mchele, mafuta, sukari, nyanya kila siku. Mwanzo wa 2024 sukari ilivyopotea nilinunua kilo mpaka elfu nne na ushee, serikali imetangaza bei elekezi haifiki hata elfu tatu na mia tatu, nenda nayo dukani hiyo bei elekezi uone watakavyokucheka. Sababu ikasemwa ni mvua za El Niño viwanda havikuvuna miwa, sawa, lakini kwa nini nisiletewe ya nje mapema? Kwa sababu viwanda vinalindwa. Mimi chai yangu na maandazi nalinda kiwanda cha tajiri.

Sina tatizo na mkulima kupata. Tatizo langu kila mkisema "kusaidia" mwisho wa siku bili inakuja kwenye sufuria yangu.

Fundi Mzee wa Themi

Wanangu, mnachambua vizuri lakini mnavipiga sana viwanda.

Nimefanya kazi viwandani hapa Arusha toka ujana wangu. Mji huu mnaouona ulijengwa na mishahara ya viwanda, siyo watalii peke yake. Kiltex, kiwanda cha nguo, ilikuwa inaingiza zamu tatu, saa nane mchana barabara inajaa watu. General Tyre ilianza kutoa matairi 1971, serikali asilimia 74 na Wamarekani 26, baadaye wakaja Continental. Tairi la Arusha lilikuwa linatafutwa mpaka nje ya nchi. Kiltex ilikufa mitumba ilipofunguliwa miaka ya themanini mwishoni na tisini, na mitambo yenyewe ilikuwa imechoka. General Tyre imekufa baadaye, na siwezi kusema ilikosa msaada maana ilipewa mpaka mkopo wa NSSF, yani akiba ya wafanyakazi wengine, na bado ikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo yule anayesema hela zitaliwa simlaumu.

Lakini angalieni TPC, kiwanda cha sukari hapo chini ya Moshi. Mwaka 2000 ilikuwa taabani, inatoa tani elfu thelathini na kitu. Ikauzwa asilimia 75 kwa wawekezaji wa Mauritius, serikali ikabaki na 25, sukari ya nje ikadhibitiwa. Leo inapita tani laki moja kwa mwaka. Binti yangu wa Sakina ana haki kulalamika 2024, ila aulize ule ulinzi usingekuwepo ile miaka ya mwanzo, kungekuwa na kiwanda cha kulaumu?

Msaada wenye tarehe ya mwisho na mtu wa kuwajibika unafanya kazi. Msaada wa kumpa mkurugenzi hela na kumwambia jitahidi, huo ndo ulituua.

Kijana wa Ngarenaro

Shikamoo mzee wangu. Swali dogo, kwa TPC kilichofanya kazi ni ulinzi au ni yule mwenye mali mpya? Maana ulinzi hata vingine vilipewa.

Fundi Mzee wa Themi

Marahaba. Vyote viwili, huwezi kuvitenganisha. Mwenye mali asingeleta mtaji bila ulinzi, na ulinzi bila mwenye mali ungelinda kutu.

msomaji_tu

Naomba niwatoe nje kidogo. Hii tabia siyo yetu peke yetu. Marekani 2008 na 2009 serikali ilivyoziokoa kampuni za magari GM na Chrysler, kura za maoni zilionyesha wananchi wengi wanapinga, na kazi za watu kibao zilikuwa hatarini. Miaka kumi baadaye Trump akagombana na China, soya ikakosa soko, wakulima wakatengewa kama dola bilioni 28 kwa 2018 na 2019, kelele zikawa ndogo kabisa. Na kule wakulima hawafiki hata asilimia mbili ya wafanyakazi! Ulaya ndo usiseme, karibu theluthi ya bajeti ya Umoja wao inaenda kilimo, na bado mwanzoni mwa 2024 matrekta yalifunga barabara Ujerumani na Ufaransa.

Mkulima ana sura, ana jembe, ana bibi. Kiwanda kina bodi ya wakurugenzi. Nani atamwonea huruma bodi?

Babu Jero

Bodi ya wakurugenzi ina posho, huruma ya nini

Nyanya za Ngarenanyuki

Nimesoma yote nikaona mnaweka mkulima huku kiwanda kule wakati sisi tuliopo Ngarenanyuki shida yetu iko katikati hapo. Nyanya ikikubali inakubali kwa wote, wiki moja soko la Kilombero hapa Arusha limejaa, dalali anakupa bei ya tenga ambayo haitoshi hata nauli ya gari na ushuru, unamwaga pembeni ya shamba ng'ombe wanakula. Wiki tatu mbele hakuna nyanya mjini tenga moja linashika hela ya maana. Sasa mtu wa nje atasema si mjenge kiwanda cha nyanya. Viwanda vilishakuja kujaribu sehemu nyingi, tatizo nyanya tunayolima ni ya sokoni, ina maji mengi, kiwanda kinataka mbegu nyingine nzito. Halafu kiwanda kinataka bei moja mwaka mzima, sokoni ikipanda wakulima wanapeleka sokoni, mkataba wanauacha kwenye droo, kiwanda kinakaa bila kazi. Ndo maana wenye viwanda wengi wanaona bora walete rojo la nyanya kutoka China kwenye mapipa, wanaongeza maji na chumvi wanapaki, kopo linaandikwa limetengenezwa hapa.

Kwa hiyo ukinipa hela mimi peke yangu nitalima nyingi zaidi, nitamwaga nyingi zaidi. Ukikipa kiwanda peke yake kitanunua mapipa. Mimi naona serikali iweke ushuru mkubwa kwenye hilo rojo, lakini kwanza mtu wa ugani aje na ile mbegu ya kiwandani mwaka mmoja kabla, tujue inakubali na huu udongo wetu au haikubali. Wenzetu wa shayiri Monduli na West Kilimanjaro ndo wanafanya hivyo na kampuni ya bia, wanapewa mbegu, bei inajulikana kabla ya kupanda. Siyo kwamba hawalalamiki, wanalalamika sana, ila wanalalamikia bei, hawalalamikii kumwaga.

Tandiboi Mstaafu

Umeongea mkuu. Ila shayiri wanunuzi ni wachache, wakikukataa unampelekea nani? Nyanya angalau nabeba mpaka Namanga.

Nyanya za Ngarenanyuki

Unabeba mpaka wakifunga tena.

Dada wa Sakina

Mimi nimesoma hapo kwenye ushuru wa rojo nikasimama. Nyanya ya kopo naitumia ile miezi fresh zikiwa ghali. Mkiipandishia ushuru, wali maharage wangu wa elfu mbili unakuwa elfu mbili na mia tano, na nyie wote mnaokula hapa mchana mtaanza kusema Dada siku hizi amekuwa mwizi.