Niko Malindi, nataka mtihani wa Kijapani Desemba: niingie N5 au N4?

Mtembeza_Wageni
Assalam aleikum wandugu. Mimi natembeza wageni hapa Malindi: Gede, Marafa, na mashua za kwenda kuona matumbawe. Kiitaliano nakisema kama nusu ya mji huu, na hakuna aliyenikalisha darasani. Ni ufuo tu, na maduka, na kubishana bei.

Kijapani nimekianza vivyo hivyo, kwa sikio. Nilisikiliza masomo ya NHK World, redio ya Japani, yale yaliyoelezwa kwa Kiswahili, kisha nikapata rafiki wa Osaka tunayezungumza kwa simu. Kuongea najitahidi, anacheka lakini anaelewa. Hiragana, zile herufi zao za mwanzo, nasoma polepole. Katakana, herufi za maneno ya kigeni, zanichanganya. Kanji, zile alama zilizotoka Uchina, najua za nambari na siku za wiki, basi.

Sasa nimeambiwa na mtu anayetaka kunipa kazi nimletee cheti cha ule mtihani wa Kijapani, JLPT, wenye ngazi tano kutoka N5 ya chini kabisa hadi N1 ya juu, tena kasema N4, eti N5 ni ya watoto. Naomba ushauri: niruke N5? Na mtihani wafanyika Mombasa au ni mpaka Nairobi? Mimi sikio langu ni zuri, nadhani kusikiliza kutanibeba.

Bin_Shela
Nairobi. Na ni Desemba peke yake, Jumapili ya kwanza. Kuna nchi zafanya Julai pia, kwetu hakuna. Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla, usingoje mpaka wageni wa Krismasi waanze kushuka ndipo ukumbuke.

Sensei_wa_Kisauni
Ndugu yangu, pole pole hapo kwa sikio. Mtihani huu haukupimi kuongea hata neno moja. Hakuna mahojiano wala insha. Yote ni kuchagua jibu na kupaka kiduara kwa penseli. Ile hazina yako ya ufuoni, sehemu kubwa itabaki mlangoni.

Tazama alama. N5 na N4 zote zahesabiwa kwa 180. Kati ya hizo, 120 ni za msamiati, sarufi na kusoma kwa pamoja, na 60 ni za kusikiliza. N5 wapita kwa 80, N4 kwa 90. Lakini kila upande una kizingiti chake: si chini ya 38 katika zile 120, na si chini ya 19 katika zile 60. Sasa chukua mfano wako mwenyewe. Tuseme umesikiliza bila kosa, ukapata 60 zote, halafu upande wa kusoma ukapata 37. Jumla 97. Umeanguka, hata kwa N5. Sikio halikukusaidia kitu.

Na usihesabu maswali ukidhani kila moja lina alama yake moja. Alama husawazishwa kulingana na ugumu wa karatasi ya mwaka huo, kwa hivyo ukitoka chumbani huwezi kujipigia hesabu kwa vidole.

Muda nao ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. N5 ni dakika 20 za msamiati, 40 za sarufi na kusoma, 30 za kusikiliza. N4 ni 25, 55 na 35. Mtu anayesoma hiragana "polepole", kama ulivyosema, dakika 40 zitamuishia kwenye aya ya pili. Kwa hali yako mimi nasema N5, bila aibu. Huyo aliyesema ni ya watoto muulize yeye ana ngazi gani.

Nahodha_Mstaafu
Malindi tumeshasema "ciao" hadi imetuzoea, sasa ni "konnichiwa". Wajukuu wangu watasalimia kwa lugha gani jamani?

Kisumu_Ndogo_Boy
Mimi napingana na Sensei kidogo, kwa heshima. Nauli ya Nairobi ni ile ile, malazi ni yale yale, uwe unafanya N5 au N4. Cheti hakiishi muda, ni kweli, lakini cha N5 utakiweka kabatini. Ile viza ya Japani ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, iliyoanza 2019, kiwango cha lugha cha kawaida ni N4. Waajiri nao ndiyo wanayoitaja. Kama kusi imeingia, wageni hakuna, hoteli zimefungwa, mtu ana miezi ya kukaa na daftari. Akaze.

Sensei_wa_Kisauni
Kisumu Ndogo, hesabu yako ya nauli ni sawa, lakini nauli ya kuanguka pia ni ile ile. Tangu mtihani ubadilishwe 2010 hakuna orodha rasmi ya maneno. Makadirio ambayo walimu huyatumia ni kama maneno 800 na kanji 100 kwa N5, na maneno 1,500 na kanji 300 kwa N4. Huyu bwana ana kanji za nambari na siku za wiki. Afanye jambo moja kabla ya kulipa: tovuti rasmi ya mtihani ina maswali ya mazoezi ya kila ngazi, ya 2012 na ya 2018, pamoja na sauti, bure. Apakue ya N4, aweke saa, afanye sehemu ya kusoma bila kamusi. Karatasi itamjibu kuliko mimi na wewe.

Ukhti_Langoni
Waaleikum salaam kaka. Mimi ni wa Lamu, N4 ninayo alhamdulillahi. Wenzangu wamesema mengi ya kusoma, acha niseme juu ya hilo sikio, maana hapo ndipo nakuonea hofu.

Sikio la kazi ya wageni hukisia. Mgeni hurudia, hukuonyesha kwa kidole, hucheka, ukaelewa. Kule sauti huchezwa mara moja tu. Na mazungumzo yametegwa: mmoja asema tukutane saa nne, mwenzake asema nina kazi mpaka saa tano, wa kwanza asema basi nusu saa baada ya hapo, na kwenye picha saa zote zimechorwa zakungoja. Ukishika nambari ya kwanza uliyoisikia umekwisha. Swali lenyewe husemwa mwanzo, kabla ya mazungumzo, katika yale ya picha. Shika swali kwanza. Mwishoni kuna majibu ya haraka yasiyo na picha wala maandishi, unasikia sentensi na majibu matatu, ukisita kidogo lafuata jingine. Hapo mtu wa kuongea kama wewe utafurahi.

Urefu wa sauti ndio utakaokusumbua. *Obasan* ni shangazi, *obaasan* ni nyanya. *Biru* ni jengo, *biiru* ni bia (sisi tutalisikia tu, hatutaagiza). *Kite* ni njoo, *kitte* ni stempu. Kama ulisoma chuo cha Kurani kwa mwalimu mkali, lichukulie kama tajwidi, zile kanuni za kusoma Kurani: hapa pana madi (sauti huvutwa), hapa pana shada (herufi hukazwa), na ukiikosa maana yabadilika. Mimi nilianza kuyasikia vizuri siku nilipoyafikiria hivyo. Wanafunzi wa bara waliosoma nami walihangaika nayo zaidi, sijui kama ndiyo sababu.

Tarehe zikariri kama sura. *Yokka* ni tarehe nne na *yōka* ni tarehe nane, na mtihani wapenda kuziweka pamoja. *Hatsuka* ni ishirini, haifanani na chochote.

Katakana acha kuzitazama kwenye simu, ziandike kwa mkono. シ na ン mstari mrefu hupanda kutoka chini. ツ na ソ hushuka kutoka juu. Kwa macho hutazitenganisha, mkono utakumbuka.

Mtembeza_Wageni
Ukhti, nimecheka hapo kwa bia, lakini *yokka* na *yōka* nimemtumia rafiki wa Osaka anisomee, nimekosa mara zote. Sensei, nimepakua ile ya N4. Kusoma sijamaliza hata nusu, muda ukaisha. Basi N5. Mwajiri nitazungumza naye, nimuulize kama ataniweka mpaka mwaka unaofuata. Je, matokeo hutoka lini? Na siku yenyewe nibebe nini?

Kisumu_Ndogo_Boy
Haya, nimeshindwa kwa haki. Matokeo ya Desemba huonekana mtandaoni mwishoni mwa Januari, cheti cha karatasi hufuata baadaye, kwa hivyo mwambie mwajiri asitarajie kitu kabla ya hapo.

Beba penseli za HB zaidi ya moja, ufutio, kitambulisho na ile karatasi ya kuingilia. Saa iwe ya mishale, zile za kuunganishwa na simu haziruhusiwi. Simu izime kabisa, usiiweke mtetemo: ikilia ndani wanaweza kukutoa na kazi yako yote ifutwe. Swali usilolijua chagua tu, jibu baya halikatwi alama. Na ukichelewa sehemu ya kusikiliza ikishaanza, huingii.

Safari: mtihani ni Jumapili, usiondoke Jumamosi. Panda matatu ya Mombasa Ijumaa asubuhi, ushike treni ya Nairobi mchana pale stesheni ya Miritini. Kata tiketi mapema, Desemba watu wa bara wanakuja pwani na wa pwani wanapanda, behewa la bei nafuu hujaa. Treni itakushusha Syokimau, si katikati ya mji, weka nauli ya pale.

Bin_Shela
Basi la usiku moja kwa moja kutoka Malindi lipo pia, ila utafika umechoka. Treni.

Ukhti_Langoni
Kaka, tuko wachache wa Lamu na Mombasa tunaosoma pamoja kwa simu Alhamisi baada ya Isha, saa moja ya sarufi, nusu saa ya kusikiliza. Wiki hii ni vitenzi katika umbo la *-te*. Nitumie ujumbe wa faragha nikuingize, na uje umeshaandika katakana zote kwa mkono.