Chumba cha kona kiko wazi: Balotelli, Suárez, Rodman, Artest au Gascoigne?

MtuWaKeko
Wakuu, heshima kwenu. Juzi umeme ulikatika, wapangaji wote tukahamia barazani, na ubishi wa mpira ukaishia kwa wanamichezo vichwa maji. Hapa kwetu kuna chumba cha kona kimebaki wazi. Swali likawa: tukipewa mmoja wao akae nasi mwezi mzima, choo kimoja, bafu moja, LUKU ya kuchanga, nani anafaa?

Naanza mimi. Balotelli, mshambuliaji wa Manchester City wakati ule, nilimkata mapema. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 2011 fataki ziliwashwa bafuni kwake huko Cheshire, zimamoto wakaitwa. Mwenyewe alisema aliyewasha ni rafiki yake. Bafuni, jamani! Bafu letu ni mabati na kipande cha turubai, ingebaki ndoo tu. Kesho yake, Jumapili, akaenda Old Trafford, City wakaipiga United 6-1, yeye akatupia mawili. La kwanza tu, akapandisha jezi kuonyesha fulana inayouliza kwa nini kila siku ni yeye. Zimamoto walikuwa na jibu. Siku chache baadaye akawekwa kwenye kampeni ya kuwaonya watu kuhusu hatari ya fataki.

Rodman, yule wa mpira wa kikapu wa Chicago Bulls, shida yake ni kutoonekana. Msimu wa 1997/98 aliomba ruhusa ya saa 48 akapumzike Las Vegas, muda ukapita, Jordan, mwenzake wa timu, ikabidi amfuate mwenyewe. Fainali za msimu huohuo akakacha mazoezi akaenda kwenye mieleka na Hulk Hogan. Akarudi, akaendelea kuokota ribaundi, ile mipira inayorudi ikikosa kikapu, kama hakuna kilichotokea. Huyu ni bingwa wa ribaundi NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, misimu 7 mfululizo. Zamu ya usafi hakuna atakayemwona, lakini siku maji yakitoka saa nane usiku, ndoo zote atazidaka yeye.

Kura yangu: Rodman. Leteni hoja.

Kibogoyo
Suárez wa Uruguay msimlete kabisa. Mimi meno yamebaki machache, yeye anayo ya ziada. Alimng'ata Bakkal wa PSV mwaka 2010, mechi 7 nje. Ivanović 2013, mechi 10. Chiellini 2014 kwenye Kombe la Dunia, mechi 9 za taifa na miezi minne hagusi mpira. Adhabu inapanda, jamaa hamu haishuki.

Ila lile la Chiellini ndilo huwa nalirudia kulitazama. Chiellini anavuta jezi amwonyeshe refa bega, na Suárez naye yuko chini ameshika meno, analalamika, kana kwamba bega ndilo lililomng'ata. Halafu huyo mtu mpike naye jiko moja? Mtagombania hata ukoko.

DadaKasuku
Kaka MtuWaKeko, Balotelli umemwonea. Yule si mbaya, ni mtoto wa chekechea mwenye mshahara mkubwa. Nenda utafute ile video ya mwaka 2011 kabla ya mechi na Dynamo Kyiv, anavyohangaika kuvaa kizibao cha mazoezi. Kichwa kinaingia kwenye tundu la mkono, mkono unaingia pa kichwa, anazunguka kama kuku aliyevalishwa soksi, mpaka mtu wa benchi anakuja kumvalisha. Mimi nina mdogo wangu wa kiume wa hivyohivyo na tunaishi naye.

Na tarehe 13 Mei 2012, dakika za nyongeza dhidi ya QPR, nani alimsukumia Agüero mpira akiwa ameshaanguka chini? Pasi ile moja ndiyo pekee ya bao aliyotoa City kwenye Ligi Kuu. Moja, lakini ikaleta ubingwa. Mpangaji wa hivyo kodi anachelewesha miezi mitatu, siku akilipa analipia nyumba nzima.

MzeeWaKibandaUmiza
Suárez mimi hata kama angekuwa na kibali cha mwenyekiti wa mtaa, hapiti. Tarehe 2 Julai 2010 nilijaza watu kwenye banda langu, wengine wamekaa kwenye kreti za soda. Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay: mpira wa Adiyiah wa Ghana unaingia wavuni, dakika ya mwisho kabisa, Afrika inakwenda nusu fainali kwa mara ya kwanza, jamaa anaudaka mstarini kama kipa. Kadi nyekundu, sawa. Gyan akapiga penalti, akagonga mwamba. Na kamera ikamwonyesha huyo mlaaniwa pale kwenye njia ya kuingilia vyumbani akishangilia. Watu wangu wakatoka kimya kimya, hakuna hata aliyekumbuka kuomba chenji.

KijanaWaUmoja
Sisi huku Nairobi kwa ploti yetu tungemchukua Artest. Msicheke. Akiwa na Chicago Bulls mwaka wake wa kwanza NBA, aliomba kazi kwa duka la vifaa vya umeme ndiyo apate punguzo la wafanyakazi. Mtu ako na mamilioni na bado anafikiria bei ya redio! Huyo tokeni ya stima hawezi kuwaibia.

Kibogoyo
Umesahau kusema kwamba tarehe 19 Novemba 2004 alikuwa amejilaza juu ya meza ya waandishi wa matokeo, akarushiwa kikombe cha kinywaji, akapanda jukwaani kumpiga aliyerusha, na akamvamia ASIYERUSHA. Mechi 86 nje. Hapo kwenu choo kikichafuliwa, atakayekula kibano ni wewe uliyekuwa umelala.

KijanaWaUmoja
Hiyo ni kweli, siwezi kataa. Na mwaka wa 2011 akabadilisha jina akawa Metta World Peace, yaani Amani ya Dunia. Aprili 2012 Amani ya Dunia ikampiga Harden kiwiko cha kichwa, ikafungiwa mechi 7.

Lakini 2010 Lakers walipochukua ubingwa, alisimama mbele ya kamera akamshukuru daktari wake wa akili. Wachezaji wangapi walikuwa wanasema hivyo wakati ule? Pete yenyewe ya ubingwa akaitoa kwa bahati nasibu, pesa ziende kwa afya ya akili. Mimi kura yangu hapo.

DadaKasuku
Hapo umenishika kidogo.

MgosiWaTanga
Wagosi, Gascoigne, yule Gazza wa Uingereza, mbona mmemkimbia? Desemba 1995, Rangers na Hibernian, refa kadondosha kadi ya njano. Gazza kaiokota, na kabla ya kuirudisha kampa refa kadi. Refa akaichukua, akampa yeye ya kweli. Uwanja mzima unacheka isipokuwa mmoja.

MtuWaKeko
Mkuu, ndiye nilimkwepa makusudi. Nilianza kuandika ile ya Julai 2010, polisi wamemzingira muuaji mwenye bunduki huko Northumberland, Gazza anatokea na kuku, bia na fimbo ya kuvulia samaki, anataka aachwe akaongee naye. Nikacheka, halafu nikaacha. Pombe ilikuwa imeshamla. Mjomba wangu alikuwa hivyo, kila mtu mtaani ana kisa chake cha kuchekesha, na sisi nyumbani ndio tuliokuwa tunamwokota mtaroni. Gazza tumpe chumba bure, ila hayumo kwenye shindano.

MgosiWaTanga
Sawa mgosi, nimekuelewa. Basi namweka Higuita, kipa wa Kolombia.

MzeeWaKibandaUmiza
Higuita? Yule atatoka kwenda dukani aache mlango wazi! Juni 1990, Kolombia na Cameroon, kaliacha goli lake akaenda kupiga chenga katikati ya uwanja, Roger Milla akampokonya, akaenda kufunga peke yake. Mpaka leo nikitoka nyumbani nagusa kitasa mara mbili.

Kibogoyo
Na Bernard Morrison, yule aliyetoka Yanga kwenda Simba, je?

DadaKasuku
Huyo atahamia nyumba ya pili kabla hujamzoea, kesi ifike CAS, mahakama ya michezo kule Uswisi, na ashinde. Ukishasahau, 2022 huyo anarudi kwenye nyumba ya kwanza na begi lake. Yanga na Simba tuulizwe sisi.

MtuWaKeko
Mrejesho wakuu. Hapa barazani Artest kapata kura tatu, Rodman mbili, Balotelli moja, ya DadaKasuku, nimempigia kwa niaba yake. Suárez sifuri.

Chumba lakini kakipata mpwa wa mwenye nyumba. Kaingia jana saa nne usiku na spika mbili kubwa, na leo asubuhi LUKU imesoma sifuri. DadaKasuku, yule Balotelli wako bado anatafuta chumba?