Wakuu, nina bunduki ya kale yenye nakshi, inasemekana ilikuwa ya Annie Oakley. Naiuzaje bila kupigwa?

Mtu_wa_Ohio (mleta uzi):
Habari za majukumu wakuu. Niko Ohio, Marekani, huu mwaka wa 3. Kuna bunduki nimeipata kwa mzee mmoja wa huku. Ni Winchester ya kukoki kwa mkono chini ya triga, ubavuni imechorwa majani ya mzabibu, na kwenye kitako kumepigiliwa kibati cha fedha, kidogo kuliko kadi ya benki: "Miss Annie Oakley, London, 1887". Mzee alisema ilikuwa zawadi kwa huyo mama, kisha ikafika kwa bibi yake. Swali langu ni moja tu: mnadani au nimuuzie mtu binafsi? Silali vizuri, kila gari likisimama nje naamka. Matusi hapana. Natanguliza shukrani.

Kaka_Tandika:
Annie Oakley ndiyo nani? Isije ikawa tunakusaidia kuuza silaha ya jambazi.

Mwalimu_Mstaafu:
Jambazi wapi! Alizaliwa 1860 huko huko Ohio, wilaya ya Darke. Baba alikufa angali mdogo, akawa anawinda na kuuza nyama kulisha nyumba. Alimshinda Frank Butler kwenye mashindano ya shabaha, Butler akaishia kumuoa. 1885 akajiunga na maonyesho ya farasi na shabaha ya Buffalo Bill, na 1887 walikuwa London kwenye jubilei ya Malkia Victoria. Alifariki Novemba 1926, mumewe akamfuata baada ya siku 18. Inasimuliwa pia kuwa akiwa Ulaya aliipiga risasi sigara ya Wilhelm, yule aliyekuja kuwa Kaisari wa Ujerumani. Angeteleza mkono kidogo tu, babu zetu wasingebeba mizigo ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani huku kwetu kwenye Vita vya Kwanza.

Kaka_Tandika:
Mwalimu umeniua 😂

Rupia_Moja:
Umenikumbusha marehemu mjomba wangu Tabora. Aliuza ng'ombe 4 kumlipa mtu mwenye "ramani ya mali ya Mjerumani". Walichimba wiki 2 chini ya mwembe wa jirani, wakapata kufuli na ufuniko wa birika. Kufuli ninalo mpaka leo. Kwa hiyo mkuu, pole.

Fundi_Mtutu:
Nijibu swali maana wenzangu mnapiga soga. Usimuuzie mtu binafsi kabla hujajua umeshika nini. Kule Cody, Wyoming, kwenye jumba la makumbusho la Buffalo Bill, kuna ofisi yenye madaftari ya kiwanda cha Winchester. Unawapa namba ya bunduki, unalipia, wanakuandikia barua kama namba yako imo: ilitoka kiwandani lini na ikiwa na mapambo gani. Juni 2012 bunduki ya marisau ya Annie Oakley, iliyokuwa imetunzwa na ukoo wake, iliuzwa Dallas kwa dola 143,400. Pesa ile haikuwa ya chuma, ilikuwa ya ushahidi. Nyuma ya nyundo, pale juu kwenye chuma, pameandikwaje? Na tafadhali niambie hujaisafisha.

Mtu_wa_Ohio:
Pameandikwa MODEL 1892. Kuhusu kusafisha, niliisugua kidogo kwa dawa ya kung'arishia masufuria maana ilikuwa na weusi weusi kwenye michoro. Sasa inang'aa, ukiiinamia unaona meno yako.

Fundi_Mtutu:
Ule weusi, alama ya ukale wake, ndio uliokuwa mtaji wako. Basi.
La pili: kwa sheria ya shirikisho ya huko, silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla inahesabiwa ya kale. Ikiwa ya baada ya hapo, mwenye viza ya muda haruhusiwi kuwa nayo, labda awe na msamaha kama leseni ya uwindaji. Wewe una viza gani?

Mtu_wa_Ohio:
Mambo ya viza tuyaache.

Mama_Nuru:
Mdogo wangu, mimi nalea wazee Minnesota mwaka wa 9. Kwetu hata soksi ukipewa unamwambia wakala. Huyo mzee ulikuwa unamlea? Alikupa kwa maandishi? Yuko hai? Na hilo gari linalokuamsha unadhani ni la nani?

Mtu_wa_Ohio:
Alifariki Februari. Alinipa kwa mdomo, akili zikiwa timamu kabisa siku ile. Binti yake ameniandikia mara 2 kuuliza ilipo "ile bunduki ya ukutani". Sijamjibu. Lakini dada jiweke kwenye nafasi yangu. Miaka 2 nimemwogesha, nimemgeuza usiku, nimesikiliza hadithi ya ng'ombe wake mpaka naijua kuliko yeye. Watoto walikuja Krismasi wakala wakaondoka. Halafu ukweli ni kwamba nimeshachukua advansi ya dola 600 kwa jamaa mmoja, na nimeshalipa kodi ya nyumba. Sikuiba. Ninachouliza ni bei.

Mama_Nuru:
Miaka 2 ulilipwa mshahara. Krismasi ya watu haikuhusu.

Sheikh_wa_Mtaa:
Cha marehemu ni cha warithi. Hata sindano.

Jicho_Kavu:
Samahani nikoroge mambo. Kibati kinasema 1887. Bunduki ni toleo la 1892. Huyo mama alizawadiwa London bunduki ambayo ingebuniwa miaka 5 baadaye? Nimepekua nyuzi zako pia: mwaka juzi ulikuwa unauza zebaki nyekundu, ule utapeli wa siku zote, eti iliyotoka kwenye cherehani ya bibi yako Singida. Na picha hujaweka hata moja. Hii ni chai, na tangawizi imezidi.

Kaka_Tandika:
Zebaki tena! Vikombe viletwe.

Rupia_Moja:
Kumbe ndiye wewe? Nilikutumia nauli!

Mtu_wa_Ohio:
Ile akaunti alikuwa anaitumia binamu yangu. Kibati waliandika baadaye kwa kumbukumbu, mbona hata makaburi huandikwa baadaye?

Fundi_Mtutu:
Inawezekana kibati kilihamishwa kutoka kitu kingine, au kuna mjanja alikichonga, jina lile lina soko. Skrubu zake zinalingana na za kitako?

Mtu_wa_Ohio:
Moja ni ya plasi, ile yenye alama ya kujumlisha kichwani, kama za simu.

Fundi_Mtutu:
Skrubu za plasi Winchester ya wakati ule? Haya.

Mtu_wa_Ohio:
Sawa, tufanye kibati si chake. Bunduki peke yake inaweza kwenda dola ngapi?

Mama_Nuru:
Mjibu binti wa watu kwanza.

Mtu_wa_Ohio:
Ameandika tena sasa hivi. Anauliza kama nilikiona na kile kisanduku.

Kaka_Tandika:
Kisanduku gani tena?