Naomba ushauri: mzee ninayemhudumia anapenda mieleka ya zamani ya Uingereza, akiniuliza kama ilikuwa ya kweli nimjibuje?

Msafiri_Kaskazini:
Habari zenu wakuu. Nafanya kazi kwenye makao ya wazee huku Lancashire. Kuna mzee mmoja hataki bingo, hataki nyimbo, ila ukitaja mieleka anajiweka sawa kitini na kuanza kutaja majina. Juzi kijana mmoja wa zamu akamwambia ile yote ilikuwa maigizo. Mzee akanyamaza, na chakula cha jioni hakukigusa. Mimi naijua mieleka ya Wamarekani tu, ile ya mabanda ya video. Sitaki kumdanganya mtu mzima, na sitaki kumvunja moyo. Nifanyeje?

Shabiki wa Ulingo:
Mkuu, kwanza ujue alichokuwa anakitazama. Kituo cha runinga cha ITV kilianza kuonyesha mieleka mwaka 1955, na kuanzia 1965 ikawa ndani ya kipindi cha michezo cha World of Sport, Jumamosi saa kumi jioni, kabla ya kusomwa matokeo ya mpira. Mtangazaji alikuwa Kent Walton, sauti yake imo kwenye kumbukumbu za kila mzee wa rika hilo.

Na usiipime kwa ile ya Marekani. Kulikuwa na raundi kama za ndondi, na kengele. Mshindi ni anayepata pointi mbili: kumbandika mwenzake mabega chini, au kumkaba mpaka asalimu amri. Asiyeinuka hadi kuhesabiwa 10 amekwisha. Ukicheza rafu unapewa onyo mbele ya watu, la tatu unatolewa. Kanuni hizo zilitungwa mwaka 1947 na kamati ya Lord Mountevans, kwa sababu mieleka ya miaka ya 1930 ilikuwa vurugu hadi kumbi zikaanza kuifungia milango.

Mama Leicester:
Mwanangu, mtazamishe video zake. Muulize alikuwa anamshangilia nani na alikuwa anamchukia nani. Mick McManus alikuwa adui wa taifa zima: mfupi, nywele nyeusi, anapiga ngumi za kificho mwamuzi akigeuka, halafu yeye mwenyewe akiguswa masikio analalamika kama kaonewa. Bibi mmoja niliyemhudumia mimi alinisimulia jinsi akina mama wa viti vya mbele walivyokuwa wanawacharaza maadui kwa mikoba. Alisimulia kwa raha, mpaka mkono unapiga hewani. Mzee wako naye ana yake, mpe nafasi.

Kocha wa Temeke:
Nafundisha judo, kwa hiyo hili la "ilikuwa ya kweli?" linanigusa. Matokeo yalipangwa, ndiyo. Jackie Pallo, mwanamieleka maarufu wa enzi hizo, aliyaandika wazi mwaka 1985 na wenzake wakamkasirikia. Lakini hapo Lancashire ulipo ndiko yalikotoka makabali ya kweli. Wigan, mji wa wachimba makaa, kulikuwa na kibanda cha mazoezi cha Billy Riley, wakikiita Snake Pit. Mle ndani hakuna kupangiana. Unakamatwa kifundo cha mguu, kinasokotwa upande ambao goti haliwezi kufuata, unapiga mkeka au unaumia. Billy Robinson alitoka pale akaenda kufundisha Japani, na Sakuraba, yule mpiganaji wa Kijapani aliyewasumbua akina Gracie, familia maarufu ya jiu-jitsu ya Brazil, alikuwa mwanafunzi wake.

Kwa hiyo mwambie mzee ukweli wote: mshindi alijulikana kabla, ila wengi wa wale watu walikuwa wanajua kupigana kwelikweli. Kijana wenu alisema nusu.

Shabiki wa Ulingo:
Nakuunga mkono, kocha. Ila msifike kwa mwanamieleka Big Daddy mkadhani ndiyo kilele. Jina lake Shirley Crabtree, kutoka Halifax, tumbo kubwa, watoto wanampenda. Mwaka 1981 alijaza Wembley Arena dhidi ya Giant Haystacks, na pambano likaisha chini ya dakika 3. Mapromota wakaona hilo linatosha, na ndugu yake Max alikuwa mmoja wao. Mafundi wakawekwa kando. ITV ikaikata mieleka mwishoni mwa 1988.

Mama Leicester:
Hapo sikubali. Big Daddy ndiye aliyewaleta watoto ukumbini. Na kwenye runinga kulikuwa na mambo mengi ya kuangalia Jumamosi, asibebeshwe yeye peke yake mzigo wote.

Msafiri_Kaskazini:
Asanteni sana. Leo nimemuuliza kuhusu Wigan. Akanishika kiganja na kunikunja kidole gumba taratibu hadi nikasema basi, akacheka. Anasema baba yake alikuwa mchimba makaa na aliwajua vijana wa Riley. Swali la mwisho: anaomba apelekwe kuiona hiyo Snake Pit. Bado ipo?

Kocha wa Temeke:
Kibanda cha zamani hapana, ila klabu inaendelea Aspull, jirani tu na Wigan. Roy Wood, aliyefundishwa na Riley mwenyewe, ndiye aliyeibeba miaka yote hiyo. Wapigie simu kwanza, waambie unakuja na mzee wa kiti cha magurudumu, na chagua siku ambayo watoto wanafanya mazoezi.

Mama Leicester:
Na uombe ruhusa ya meneja na ya familia kwa maandishi. Mbebee blanketi, kumbi za mazoezi zina baridi.