Naogopa mteremko tangu nianguke. Makorongo ya Ufaransa yatanifaa?

Mpare wa Lyon

Wakuu, heshima kwenu. Kwetu ni Usangi, ila huu ni mwaka wa sita naishi Lyon. Baiskeli za mbio nimezijulia huku huku. Mdogo wangu anayeishi Leicester aliniletea yake ya zamani, nikaipanda miaka mitatu mpaka fremu ikapata ufa. Mwezi wa nne nikanunua nyingine ya mtumba hapa hapa mjini.

Safari ya pili tu na hiyo mpya nikaenda milima ya Chartreuse, juu ya Grenoble. Kupanda nilipanda vizuri. Wakati wa kushuka, kwenye kona ya kulia, nikakuta changarawe zimetanda barabarani kama zimemwagwa kutoka kwenye kiroba. Nikabana breki ya kushoto taratibu, kama nifanyavyo siku zote, na gurudumu la mbele likachomoka chini yangu. Hata mkono sikuwahi kuutoa. Mtulinga ukavunjika, nikakaa wiki sita mkono umening'inia shingoni.

Mfupa umeunga. Kilichobaki ni woga. Barabara ikianza kuinama tu vidole vinakakamaa kwenye breki mpaka vinauma, na nikifika chini natetemeka.

Mdogo wangu anakuja Septemba, tuna siku nne. Tangu enzi tukipokezana baiskeli ya baba kwenda sokoni hatujawahi kusafiri pamoja kwa baiskeli, na sitaki kumwambia kwamba nimeacha. Tunafikiria makorongo ya mito Verdon, Ardèche au Tarn. Ipi inamfaa mtu wa hali yangu? Magari yakoje? Kulala na kula je? Natanguliza shukrani.

Mtoto wa Kibosho

Pole sana mkuu. Nenda Verdon. Mimi niliizunguka Route des Crêtes, ile barabara ya ukingoni mwa korongo, kuanzia kijiji cha La Palud, na ukiyatazama yale maji ya kijani kutoka juu unasahau hata njaa. Woga dawa yake ni kuukabili.

Mama Kona

Kibosho, nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mtu aliyevunjika mfupa miezi michache iliyopita humpeleki kwenye barabara yenye genge la mamia ya mita ubavuni.

Mpare, pole. Mimi niko Montpellier na njia hizi nazipita kila mwaka. Nikuambie jambo ambalo picha hazionyeshi: makorongo hayafanani kwa mahali barabara inapopita. Verdon barabara iko juu, unalitazama korongo kama mtu aliye darini. Ardèche ni hivyo hivyo. Ukitoka Vallon-Pont-d'Arc unapita kando ya lile tao la mawe, Pont d'Arc, kisha barabara inakuondoa mtoni na kukupandisha hadi ukingoni. Kutoka hapo ni kupanda na kushuka tu mpaka Saint-Martin.

Tarn ni tofauti. Barabara iko chini, inafuatana na mto kijiji kwa kijiji, na majabali yako juu yako pande zote mbili. Kutoka Florac mpaka Millau ni kama kilomita 80, na tofauti ya kimo kati ya miji hiyo miwili haifiki mita 200. Kuna vilima vidogo vidogo njiani, lakini mteremko wa kukutoa jasho la hofu haupo, ilimradi usipande uwanda wa juu. Pale kijiji cha Les Vignes utaona kibao cha Point Sublime, mahali pa kulitazamia korongo kutoka juu. Ni pazuri kweli, ila barabara yake ni kona za kukunjana mfululizo. Huko kwa sasa waachieni wengine.

Kosa ambalo wengi hulifanya ni kuanzia mji wa Mende kwa sababu una stesheni. Kati ya Mende na Florac kuna Col de Montmirat, barabara inayovuka mlima, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mteremko unaoukimbia utakutana nao asubuhi ya kwanza. Shukeni treni Millau, mkitokea Béziers. Treni kwenye reli ile ni chache, na siku nyingine huweka basi badala yake, ambalo huenda lisichukue baiskeli. Hakikisheni kabla ya kukata tiketi.

Siku ya kwanza pandeni na mto, Le Rozier, Les Vignes, mkalale La Malène. Ni kama kilomita 42. Ya pili nendeni Sainte-Enimie, muache mizigo, mguse Florac, mrudi kulala hapo hapo Sainte-Enimie. Ya tatu teremkeni na mto mpaka Le Rozier, kisha mkunje kuufuata mto Jonte hadi Meyrueis. Ya nne rudini kwa barabara ile ile, mmalizie Millau. Jonte usiikose. Le Rozier hadi Meyrueis ni kilomita 21 za kupanda mita 300 hivi tu, kwa hiyo wakati wa kurudi ni mteremko mpole ambao bado unakanyaga pedali. Hapo ndipo mahali pako pa kujifunza upya. Na mtazame juu: kuna tumbusi wakubwa wanaozunguka kwenye magenge. Walikuwa wametoweka kabisa kule, wakaanza kurudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Septemba mmechagua vizuri. Agosti barabara ile hujaa magari yanayovuta mitumbwi.

Fundi Spoki

Kabla hamjaendelea na ramani. Mpare, nenda ilipo baiskeli yako sasa hivi, bana breki ya kushoto, uniambie ni gurudumu lipi linalokamatwa.

Mpare wa Lyon

Fundi, nimetoka stoo. Kushoto inakamata la mbele.

Fundi Spoki

Nilihisi hivyo uliposema "kama nifanyavyo siku zote". Baiskeli ya kutoka Uingereza hufungwa breki ya mbele mkono wa kulia. Hapo Ufaransa kwa kawaida ni kinyume, ya mbele iko kushoto. Miaka mitatu mkono wako wa kushoto ulizoea kukamata la nyuma, na la nyuma likiteleza kidogo unaweza kulirudisha. Siku ile mkono ulifanya ulichoufundisha, lakini waya ulikwenda mbele. Gurudumu la mbele likikamatwa kwenye changarawe huku umelalia kona, hakuna anayebaki juu, hata bingwa.

Kwa hiyo usijihesabu kuwa hujui kushuka. Mpelekee fundi ahamishe nyaya, ya mbele iwe kulia kama mikono yako inavyojua. Kama breki zako ni za waya ni kazi ndogo. Za mafuta zinahitaji muda zaidi. Na huko njiani msibadilishane baiskeli na mdogo wako kama yake iko tofauti.

Kingine, vidole kuuma ni kwa sababu unabana mfululizo. Shika usukani kwenye mikunjo ya chini, hapo kidole kimoja au viwili vina nguvu ya kutosha. Punguza mwendo barabara ikiwa bado imenyooka, kwa breki zote mbili, halafu ingia konani ukiwa umekwisha kuziachia. Macho yatangulie kule unakotaka kutokea. Ukiyakazia kwenye kokoto, baiskeli nayo itaelekea kokotoni. Tairi za milimita 28 zikiingia kwenye fremu yako, weka hizo, na usizijaze upepo mpaka ziwe jiwe.

Ukiona kibao cha "gravillons", barabara imemwagiwa kokoto mpya. Nyanyuka, nyoosha baiskeli, pita polepole.

Mama Kona

Fundi, Mungu akubariki. Mimi nilikuwa nimeshaandika juu ya vijiji bila kuuliza alianguka vipi.

Dada wa Ujiji

Naongezea ya tumbo na sheria. Vijijini maduka hufungwa mchana, jikoni za migahawa nyingi saa nane zimeshazimwa, na Jumatatu bekari unaweza kuikuta imefungwa. Nunueni mkate asubuhi, na jibini ya Roquefort mkiipata, maana kondoo wake wanafugwa kwenye nyanda hizo hizo za juu. Maji yakiisha tafuteni makaburi ya kijiji, mara nyingi pana bomba la kumwagilia maua. Bomba lenye maandishi "eau non potable" msinywe.

Taa za mbele na nyuma wekeni, kwa sababu Tarn kuna vijitanki, samahani, vijitaneli vilivyochongwa kwenye mwamba na ghafla unaingia gizani. Usiku au ukungu ukiwa nje ya mji, kizibao cha kuakisi mwanga ni lazima kisheria. Vipokea sauti masikioni ni marufuku. Magari yanatakiwa kukupita kwa umbali wa mita moja na nusu nje ya mji, na wengi wao hutii.

Mpare wa Lyon

Nimesoma jibu la Fundi mara tatu, mara ya tatu nimemsomea mke wangu. Miezi yote hii nilikuwa najilaumu. Nyaya zinahamishwa Jumamosi.

Mpare wa Lyon

Mrejesho, wakuu. Naandika kutoka Millau, tunasubiri treni.

La Malène tulilala kwa mama mmoja aliyetuongezea supu bila kuuliza. Kutoka hapo asubuhi kulikuwa na baridi, jua likiwa juu ya majabali tu na sisi chini kwenye kivuli, lami ina umande. Siku hiyo nilibana sana, sikatai. Changarawe tulizikuta mara moja, baada ya kijiji cha Saint-Chély. Nikanyanyuka, nikanyoosha, nikapita.

Leo tumeshuka Jonte kutoka Meyrueis. Kivuli cha tumbusi kilikatisha barabarani mbele yangu, kikubwa kama mkeka, nikainua macho kumtafuta huku baiskeli inatembea. Mdogo wangu alikuwa nyuma njia nzima. Tulipofika Le Rozier akaniambia tangu kijiji cha Le Truel hakusikia breki zangu.