Tupeane uzoefu: Nani amewahi kuzamisha vijumba vya samaki, na samaki walikuja kweli?

MshipiMmoja:
Wakuu, salaam. Mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Tanga, wa kitoweo tu, si wa biashara. Nimeona Wamarekani wakizamisha miti ya Krismasi kwenye maziwa yao sikukuu zikiisha, ili samaki wapate pa kujificha. Aliyewahi kujaribu, bwawani au baharini, aje atuambie alitumia nini na kilidumu vipi. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Rafiki yangu ana bwawa njia ya Muheza, lilichimbwa zamani kwa ajili ya shamba la mkonge. Perege na kambale wamo, ila chini ni tope tupu, hakuna kisiki wala jiwe. Tukakata milingoti ya mkonge, tukaifunga mzigo kwa kamba ya katani na mawe matatu. Aliyewahi kubeba mlingoti mkavu anajua ulivyo mwepesi. Ulizama, tukapiga picha, tukapongezana. Asubuhi tunaukuta unaelea katikati ya bwawa, na mnandi kasimama juu yake kaanika mbawa. Yaani tumemjengea kibaraza yule yule anayetumalizia samaki!

Mara ya pili tulitumia matawi ya mwembe, shina tukalisimamisha kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa zege. Ndoo hiyo ni karibu kilo 48 nchi kavu, lakini ndani ya maji inabaki kama 28, kwa hiyo mkipigia hesabu uzito wa nchi kavu mtaumbuka. Tukaiweka penye kina kirefu kuliko pote. Wiki sita, hata dagaa. Jamaa mmoja mfugaji wa samaki akatucheka: maji yaliyotuama, kule chini kabisa hewa ni haba, samaki akae afanye nini? Tukaivuta hadi mita moja na nusu. Ukoga uliposhika matawi, perege wakaja kuuparura, na jioni ukitupa ndoana pembeni husubiri sana. Pembeni nimesema. Ukitupa katikati, ndoana ni sadaka.

Dereva Sahare:
Mkuu, vipi pale bwawa la Mabayani?

MshipiMmoja:
Yale ndiyo maji tunayokunywa mjini. Ukikamatwa pale na tawi la mwembe, usinitaje.

BintiKigombe:
Kaka, pole na mnandi wako. Kwetu ni baharini. Sehemu ya mwamba ilipigwa baruti miaka mingi, ikabaki kokoto za matumbawe zinazobingirishwa na mawimbi, na penye kokoto zinazotembea tumbawe jipya halishiki. Mjomba wangu na wenzake wanne wakaamua kumwaga matofali ya zege yenye matundu. Walianzia kwa BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi ufukweni, na kwa watu wa hifadhi, maana Kigombe iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009, huwezi kuamka ukatupa zege baharini. Waliambiwa waweke kwenye mchanga, wasiguse tumbawe lililo hai.

Matundu walitoboa kwa chupa za maji: unazipachika zege likiwa bichi, likikauka unazichomoa. Walisubiri maji mafu, mkondo ukiwa mpole, ngalawa ikabeba mawili mawili. Wa kwanza kuhamia alikuwa pweza, hata mwezi haujaisha. Kisha tasi wadogo, na baadaye chewa mmoja ambaye mjomba alikataa kabisa kumvua, akimwita mwenye nyumba.

Kilichotuuma ni wageni waliokuja usiku na nyavu. Wavu ukanasa kwenye matofali, wakaukata wakaondoka. Wavu ulioachwa haupumziki, unaendelea kuvua peke yake. Mjomba alizamia siku mbili kuutoa, na ndani yake alimkuta mwenye nyumba.

Dereva Sahare:
Dah, maskini chewa. Na matairi je? Ninayo kama 40 uani, bure.

FundiZege:
Achana nayo kabisa. Florida walianza 1972 na wazo hilo hilo, wakazamisha karibu matairi milioni mbili. Vifungo vikakatika, matairi yakaanza kutembea na mawimbi na kugonga matumbawe mazima. Wamekuwa wakiyatoa miaka na miaka. Mabomba ya plastiki kwenye zege kwa bwawani sawa, ila yakwaruze kwa msasa kwanza, yakiwa laini ukoga haushiki.

MzeeMakorora:
Wanangu, hayo matawi ya bwawani msiyapeleke bahari ya chumvi. Kuna wadudu wanatoboa mti mpaka unakuwa chekeche, ndiyo maana sisi vyombo tulivipaka deheni. Na wewe binti, mjomba wako mwambie asiweke boya juu. Boya ni tangazo.

BintiKigombe:
Shikamoo babu. Boya hana. Alama yake ni mnazi uliopinda ukikutana na pembe ya paa la bati.

Dereva Sahare:
Paa la nani, dada? Nauliza tu 😀

BintiKigombe:
Hata nikikutajia haitakusaidia. Mnazi wenyewe umekatwa mwaka jana. Siku hizi mjomba anashusha chubwi, kile kizito cha mshipi, anapapasa hadi asikie zege, na kuna siku anarudi hajaisikia.